Ruta Isiwashwe

Mama, shikamoo.

~~Tafadhali usizime ruta ya intaneti, inajisasisha.~~ Nimeichomoa. Isiwashwe kabisa.

Asubuhi ilikataa nywila yangu. Nikamlaumu Rwehumbiza kwamba ameibadilisha. Nimemsingizia mdogo wangu bure. Kisha ikaanza kujisasisha yenyewe, nikamkumbuka yule fundi wa juzi ambaye hakuna aliyemwita. Kwa ukarimu wako wa Kihaya ulimpa kahawa, senene na nywila.

Nilipochomoa waya tu, simu uliyoiacha chajini ikaita. Ni yule fundi: "Dada Renatha, mbona umezima? Basi, mama akitoka misani nitakuja kuiwasha."

Nimekwenda kumwita mwenyekiti wa mtaa. Ukisoma hapa, usikae humu ndani. Nenda kwa mama Jovina. Chai iache.

Mwanao,
Renatha