Mchanganyiko wa Hina Yetu

Oxon Hill, 14 Machi 2004

Shangazi Mwanaidi, shikamoo.

Mlio wa kalamu ya Vumilia haunitoki masikioni. Jumamosi iliyopita, kwenye kikundi chetu cha wachora hina, aliibonyeza kila nilipotia kitu bakulini, kama anayetaka kuandika. Ndiye aliyenifundisha kuchora maua, bure, nami sijaacha kujiuliza anataka nini.

“Mdogo wangu, mbona unatugeuzia mgongo? Mafuta gani hayo?” Vumilia akauliza.

“Ya kawaida tu, dada.”

“Ya kawaida hayafichwi!” Wote wakacheka.

Simwamini. Nasikia anatafuta chumba afungue saluni yake. Lakini wateja wangu wanakuja kwa maua aliyonifundisha yeye; nitamnyimaje mafuta?

Najua uliniapisha nisimwambie mtu. Jana niliwaandikia wote mchanganyiko wetu: mafuta ya mkaratusi, vipimo, muda wa kuiacha hina ilale. Nakala ya kwanza nimempa Vumilia.

Mwanao,
Zuhura