Mshipa Mweupe

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Mimi mwili haujambo, ila moyo umenielemea.

Ile kazi unayonitania, ya kuuliza mawe umri, inaendelea. Napita safu za makaburi ya zamani nikikadiria kila jiwe lilisimamishwa lini. Msimamizi wetu alinionya mapema nisiamini mwaka ulioandikwa, maana huo ni wa kufariki tu, na mawe nayo hudanganya umri. Kwa hiyo natazama herufi. Zilizochongwa kwa mkono, kwa tindo, hupishana kidogo. Za mashine zimenyooka kama zimepigwa rula.

Juzi nilifika kwenye makaburi ya wazazi wetu. Unakumbuka tulipomzika Baba magugu yalikuwa kiunoni, tukaondoka siku ile ile bila kumuaga mama wa kambo, tukamwachia yeye mambo yote ya kaburi. Tuliporudi tukakuta mawe mawili, la Mama likiwa na mwaka ule aliotuacha wadogo. Ukasema Baba ndiye aliyeliweka zamani, magugu yakalificha, na kwamba yule mwanamke asingemng'olea Mama hata jani. Nami nikaitikia.

Kaka, herufi za jiwe la Mama ni za mashine. Alipofariki, mashine hizo hazikuwepo hapa. Nikapiga magoti, nikapangusa vumbi. Kuna mshipa mweupe unaopita kwenye jiwe la Baba hadi ukingoni, kisha unaendelea pale pale kwenye la Mama. Ni bamba moja lililokatwa vipande viwili. Aliyeagiza la Baba ndiye aliyeagiza la Mama.

Ndiye huyo mama wa kambo, ambaye alipofariki tulimkatalia kuzikwa kando ya Baba, tukasema hapo ni pa mke aliyewekewa jiwe na mumewe. Miaka imepita, naye amelala kule kando ya ukuta wa makaburi, hana hata kijiti cha kumtambulisha. Nimelia sana. Mdomo alikuwa nao, na angeweza kutuambia siku yoyote, lakini hakusema.

Njoo tumwekee Mama Mdogo jiwe lake. Tutaandika mwaka aliofariki, ila fundi asijaribu kulizeesha. Atakayekuja kulikagua baada yetu aone wazi kwamba tulichelewa.

Mfikishie wifi salamu zangu, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Goti likikubali, usikawie.

Ni mimi mdogo wako,
Mpekuzi