Orodha ya Malori Haitoki, Anafukuzwa Mzee wa Getini

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke. Mimi ni karani wa kampuni ya mizigo hapa Isaka, mwaka jana bosi, Bwana Vipul, alituletea kompyuta yenye mfumo wa Linux, nikajifunza mwenyewe mpaka nikaandika skripti, yaani maagizo ya kompyuta, ya kutoa orodha ya malori ya kupakia, nikaipangia ifanye kazi yenyewe kila saa kumi na mbili asubuhi kabla sijafika, karatasi itokee kwenye printa ya kibandani kwa mlinzi, Mzee Bujiku, naye awasomee madereva. Nikiiendesha kwa mkono inatoka vizuri, nikiiacha peke yake hakuna kitu, na siku bosi aliponiuliza mbele ya madereva nilishikwa na aibu nikasema labda mzee amechomoa waya. Bosi akaamini, sasa mzee ameambiwa mwisho wa mwezi aondoke. Jumapili nilikwenda mapema nikakaa naye kibandani, hakugusa kitu, karatasi haikutoka, akaniambia, "Mwanangu, mashine hiyo mimi hata kuifuta vumbi naogopa." Kila nikimwamkia ananiitikia marahaba na kuniuliza hali ya mama. Nikisema ukweli nitanyang'anywa kompyuta, nikinyamaza mzee anarudi kwao Kharumwa mikono mitupu, na kosa lenyewe silijui. Nifanyeje?

Paskalina, Isaka

Paskalina, pole, ingawa pole yangu kubwa naipeleka kibandani.

Kosa ni lako na ni dogo. Ukiingia kwenye mashine kwa jina lako, inasoma faili lako la .bash_profile, na bila shaka humo ndimo ulimoandika PATH, yaani mahali programu zilipo, na PRINTER, yaani jina la printa. Kazi ya ratiba, ile uliyoipangia saa ijiendeshe, haipiti humo. Ni kama kibarua aliyeokotwa getini asubuhi hiyo: hajui lolote usilomwambia. Basi mwambie. Juu kabisa ya skripti andika PATH kamili na PRINTER, kila moja uitangulizie neno export. Kisha ipangie dakika tano mbele, uondoke kwenye kibodi. Usijaribu tena kwa mkono, mkono wako ndio uliokudanganya.

Kuna jambo lililoniudhi zaidi. Kazi ya ratiba ikishindwa, mashine humwandikia aliyeipanga barua humo humo ndani. Andika neno mail kwenye kompyuta, usome. Kila asubuhi imekuwa ikikueleza kwamba programu ya orodha haionekani, na wewe hujafungua hata moja, ukakimbilia kuniandikia mimi Mwanza.

Chapa barua ile yenye tarehe ya siku uliyomsingizia mzee. Mpe Bwana Vipul mkononi, mbele ya madereva wale wale, useme waya haukuchomolewa na mtu. Kompyuta wakikunyang'anya, utajifunza nyingine, una akili hiyo. Mzee Bujiku hana kibanda kingine.

Halafu nenda getini ukamwamkie. Usingoje akuulize hali ya mama. Anza wewe kusema.