Kilichokuwa Kikilia Mlangoni

Kwako mwanangu, kitinda mimba wangu,

Salamu hizi zikukute mzima wa mwili na moyo, wewe na mkeo. Kile kifua kimepona? Unakula chakula cha kueleweka, au bado unashindia chai na mkate hapo kwenye cherehani? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baba yako yupo, mimi nipo, na uchovu nao upo, umeshakuwa kama mtu wa tatu humu ndani.

Najua mwandiko umekushangaza. Barua zote dada yako ndiye aliyekuwa akiniandikia. Hii nimeiandika mwenyewe, na shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta mistari imepanda mlima usinicheke. Kwenye simu siwezi kuyasema haya. Nikianza tu, wewe unaniambia mama, wateja wamejaa, tutaongea. Baba yako akikohoa nyuma yangu, unakata. Miaka minane sasa, mwanangu, hujakanyaga hapa. Kinachoninyima raha ni hofu kwamba siku utakayokuja, utakuwa umekuja kuzika.

Habari za baba yako ni hizi. Tangu alipougua mwaka jana mikono inatetemeka, hata kifungo cha shati nakifunga mimi. Namwogesha, namlisha, namsimamisha, na ikifika jioni mgongo huu nausikia kama nimeuazima kwa mtu. Kitu kimoja tu hakikubadilika, naye ni mke mwenzangu. Ndiyo, kale kagari bado nakaita hivyo, maana mimi sijawahi kusuguliwa mgongo kama kanavyosuguliwa bodi. Kanawaka kakipenda na hakaendi popote, lakini kila asubuhi lazima mzee akae ndani yake, kiti cha abiria, pale ulipokuwa ukikaa wewe, atazame watu wanaopita.

Na upande huo ndio wenye kile kioo. Unakumbuka alivyoapa siku ile, kwamba mlango huo hataufungua fundi yeyote, aliyekivunja ndiye atakayekuja kukitengeneza. Basi alishikilia neno lake. Alibandika nailoni dirishani na kuiacha. Na kila alipoufunga mlango kitu kililia ndani, nge-nge-nge, naye kila mara alisema huo ni ukaidi wa mwanao unagonga. Miaka minane nimeusikia mlio huo, mwanangu, asubuhi kwa asubuhi.

Mvua za juzi zikaingia. Kiti kikaota ukungu, kikohozi kikamshika mzee. Nikamwambia kioo kitengenezwe, la sivyo humo hakai tena.  Siku ya tatu akasema mwanao haji, na mikono yangu umeiona, tengeneza basi wewe kama unajua. Alidhani nitasusa. Nikamuuliza bisibisi ziko wapi.

Nilimwendea yule fundi wa magari ya zamani nyuma ya soko, nimefunga kile kishikio cha kuzungushia kioo kwenye leso kama dawa. Wale wenzake waliangua kicheko, mmoja akaniambia gari hilo niliuze kama vyuma chakavu, ninunue blanketi. Mwenyewe hakucheka. Alikuwa na mkweche wa gari kama letu, akaufungua mlango mbele yangu, pole pole, nione kila kitu kinapotoka, akanipa mashine ya kupandishia kioo na mipira yake. Nikarudi nayo kichwani, kiuno kinaniuma.

Kazi ilichukua siku tatu. Baba yako juu ya kigoda anaamuru, mimi chini kwenye mkeka. Akasema nashika bisibisi kama mwiko. Nikamjibu mwiko huohuo ndio uliomweka hai miaka arobaini. Jirani akapita akauliza mama amehitimu lini ufundi, mzee akamwambia huyu bado mwanagenzi, asimpe kichwa. Nilimsikia akicheka, kicheko kidogo kikavu, nikakumbuka ni muda gani sijakisikia.

Ile mashine ya zamani meno yake yalikuwa yameliwa, yamebaki kama ya kwangu. Mipira ilikuwa imepasuka kama visigino. Nilipoubandua ule ubao wa ndani wa mlango na kuingiza mkono kukitafuta kioo, vidole vyangu viligusa kitu kingine. Nilikijua kabla sijakitoa. Mzee akauliza kilicholia ni nini. Nikamwambia skrubu. Nikakificha kifuani, nikaendelea kupaka grisi.

Mwanangu, kilikuwa kile kijiti changu cha chuma cha kufumia vitambaa. Kile nilichosema nimekipoteza sokoni.

Aliyevunja kioo ni mimi.

Baba yako alikuwa amekwenda kwa dada yake siku ile. Mimi nilikuwa na mazoea ya kuingia kwenye gari kufuma, kwa sababu humo hakuna aliyeniita mama leta hiki, mama leta kile. Nilipotoka nikafunga, funguo zikabaki ndani. Kioo kilikuwa kimeshuka vidole viwili. Nikapenyeza kijiti nipate kuinua kile kitufe cha kufungia, hakikufika. Nikashika kioo kwa mikono miwili nikaning'inia na uzito wangu wote. Nikasikia kha! Kioo kikashuka upande, na kijiti kikateleza kikatumbukia ndani ya mlango. Funguo nilizipata. Kioo nikakipandisha kwa viganja nikakikaza kwa karatasi ngumu, nikijiambia nitamweleza mzee kesho.

Jioni wewe ukaomba gari, ukapewa. Asubuhi baba yako akazungusha kishikio, kioo kikazama kama jiwe kisimani. Ukaapa kwamba si wewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi. Mdomo niliufungua, mwanangu, nakuapia, lakini alikuwa amekasirika sana nikaogopa. Nikasema hasira za mzee ni moshi, zitapita, nitamwambia akitulia. Kisha akakuita mwongo, akasema chini ya paa lake mwongo hatalala, na wewe ukafunga begi. Kila siku niliyonyamaza ilizaa nyingine. Wewe ulikuwa ukinituliza mimi kwenye simu, usilie mama, na mimi ndiye niliyekutoa nyumbani. Sina la kujitetea. Nimechoka kulibeba hili kuliko nilivyochoka kwa kazi zote.

Nilitaka kukuandikia wewe kwanza, halafu nione. Lakini leo asubuhi, kabla sijaifunga barua hii, nimeona ni woga uleule unarudi. Nikamfuata garini. Nikamwekea kijiti kwenye mapaja, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, bila kuruka neno. Hakunitazama. Alikigeuza kijiti kwa ile mikono yake, hata nikahofia kitamchoma.  Halafu akasema, basi aliyekivunja amekitengeneza kama nilivyoapa, ila aliyefukuzwa ni mwingine.

 Akashika kishikio akashusha kioo mwenyewe, akakipandisha, taratibu, akipumzika katikati. Akaufungua mlango akaufunga. Akaufungua tena akaufunga, anatega sikio. Nilimwacha humo, na uji wake ukapoa.

Niliporudi kuchukua kikombe nilimuuliza kama ana neno la kukuandikia. Akafikiri, akasema nikuandikie kwamba mlango haulii tena. Akanipa kikombe.  Wewe unamjua baba yako.

Mimi sikuombi unisamehe leo, nakuomba ule vizuri na usilale na kifua wazi. Msalimie mkeo sana, mwambie nina vitambaa vinne vya meza nilivyomfumia, na sasa kijiti nimekipata, vitaongezeka. Dada yako anakusalimu. Kiti cha abiria nimekisugua kwa sabuni, nimekianika, kimekauka.

Ni mimi mama yako, niliyekukosea.