Kola Moja Kati ya Uchungu na Uchungu

4 Machi

Mama, shikamoo.

Vumbi la mawe huko machimboni limekuachia kifua, au bado unakohoa? Ile chupa ya dawa nilimpa dereva wa lori mkononi mwake. Sisi huku wazima. Bobini ana miaka mitatu lakini mdomo wake una kumi. Juzi baba yake amerudi kutoka kupaka rangi nyumba za watu, ana matone mpaka kwenye nyusi, Bobini akamwangalia akamuuliza, "Baba, ukuta uliisha?"

Mama, nimeingia mwezi wa nane. Nina swali na usinicheke. Uchungu wa mtoto wa pili unakuwa kama wa kwanza?

Wa Bobini naukumbuka wote. Ulianza chini ya kitovu kama maumivu ya kila mwezi, ukapanda mbele, tumbo likawa gumu kama mtu amekunja ngumi ndani, halafu likaachia, nikasikia raha hata nikataka kucheka. Nilikuwa bado najifunza kushona, na wewe uko cherehani ya pembeni yangu. Ukaniambia, "Shona. Ukimaliza kola nzima uchungu haujarudi, bado. Ukirudi kola haijaisha, tunaondoka." Tukaenda, tukarudishwa mara mbili. Yule muuguzi mwenye miwani akasema mbele ya watu wote, "Mama, nenda kapike, huyu hana haraka." Siku mbili nzima. Halafu ikaja ile damu.

Daktari alisema wa pili nisithubutu kuzalia nje ya hospitali, nifike mapema, kwa sababu mwenye kutoka damu vile anaweza kutoka tena. Na hospitali ni saa nzima kutoka hapa kiwandani. Nikiwahi sana watanirudisha wanicheke. Nikichelewa sijui. Niambie nitajuaje, wewe umezaa mara mbili.

Mwanao


18 Machi

Mwanangu, marahaba mno.

Dawa nimeipata, nusu. Dereva naye ana kikohozi. Hapa jikoni tumebaki wapishi wawili, wachimbaji tisini, na kila mmoja anakula kama wawili. Ruhusa hakuna mpaka mwezi wa sita. Nimeomba, msimamizi amenijibu kwamba mtoto hazaliwi na bibi yake. Nilimpunguzia nyama.

Swali lako. Usijitie hofu, uchungu ni ule ule. Wa kaka yako ulikuwa wa mbele, tumbo, na wako vile vile. Unakuja, unakaza, unaachia. Tofauti ni kwamba wa pili ni mwepesi, njia imeshapitwa. Ukisikia vichomo vinavyokuja ovyo na kuondoka ukinywa maji au ukilala upande, huo ni wa uongo, mwili unajizoeza.

Shika hesabu yetu ya kola. Ilikusaidia kwa Bobini, itakusaidia na sasa. Kola ikiisha haujarudi, endelea na kazi. Ukirudi haijaisha, amka hapo hapo.

Kula vizuri. Usibebe ndoo.

Mama yako


1 Aprili

Mama, shikamoo, na pole na hao tisini.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Sasa nimetulia. Nguo za mtoto zipo, khanga mbili zimefuliwa, na baba Bobini ameshaongea na mwenye pikapu.

Yule mwenzangu wa vifungo tunayemwita Redio ananipa ushauri bila kuombwa. Anasema kwa mtoto wake wa kwanza uchungu ulimshika kwenye mapaja, wa pili akaharisha tu akadhani ni maharage, wa tatu aliamka mtoto yuko mlangoni. Nikamwambia, "Redio, wewe tumbo lako lina stesheni ngapi?" Hata fundi mkuu alicheka, yule asiyecheka.

Halafu nikupe habari. Fundi mkuu amenikabidhi kola za sare zote za shule, mimi peke yangu. Ananiita Umeme. Mama, nikishika kola, Redio hajamaliza sentensi nimeshaikata uzi!

Vichomo vinakuja na kuondoka. Nakunywa maji vinaisha, kama ulivyosema. Kiuno kinaniuma, ila hiki kiti chetu unakijua.

Mwanao, Umeme


2 Aprili

Mwanangu.

Leo sitauliza habari kwanza. Weka kola chini. Acha kabisa ile hesabu.

Lori limeshusha magunia na barua yako, likaondoka mimi nikiwa bado nakoroga sufuria. Nilikusoma nikicheka, nikafika pale ulipoandika Umeme, nikaanza kuhesabu dakika. Ulipokuwa unajifunza, kola moja ilikula dakika kumi, na kufumua juu. Sasa si hata nne. Ukingoja uchungu ukukute kola haijaisha, utakuwa umeshachelewa, mwanangu.

Nimemwomba mlinzi anipandie kilimani na simu yake. Haishiki mtandao. Nimepanda mwenyewe, haishiki. Lori ni mpaka tarehe kumi na tano.

9 Aprili. Naongeza hapa hapa. Sijalala vizuri. Kuna jambo nilikuandikia uongo, na naona litakuumiza zaidi ya kola.

Sijazaa mara mbili. Nimezaa mara tatu. Kati ya kaka yako na wewe kulikuwa na mwingine. Nilikuwa kwenye cherehani, nangoja tumbo likaze mbele kama la kaka yako. Halikukaza. Kulikuwa na moto kiunoni tu, mgongo wa chini, unakuja kama mtu anakukandamiza na goti, unaondoka. Nikasema ni kiti. Nikasimama, nikajinyoosha, nikakaa tena, nikamaliza mashati sita. Chupa ilipopasuka hapakuwa na muda wa kufika popote. Mtoto alitoka amenyamaza.

Wewe ulipokuja ulikuwa wa aina yako. Hata kiuno hakikuuma. Ulinikimbiza, saa mbili tu, uchungu juu ya uchungu bila nafasi ya kuvuta pumzi. Watoto watatu, uchungu wa aina tatu. Nilikuandikia ni ule ule kwa sababu sikutaka kumtaja. Miaka yote sijamtaja kwa mtu. Nilidhani nakulinda.

Umeandika kiuno kinakuuma. Kikiuma kwa kuja na kuondoka, nenda. Wakikurudisha, kaa kwenye benchi lao. Wakikucheka, waache wacheke mpaka meno yaote jua.

15 Aprili. Lori limefika, hamna barua yako. Nampa hii dereva na nimemwapisha.

Mama yako


29 Aprili

Mwanangu, u hali gani?

Lori limekuja, hamna barua. Dereva anasema alifika kiwandani, cherehani yako imefunikwa kitambaa. Mlinzi wa geti alimwambia "yule alibebwa". Nimemuuliza alibebwa vipi, amelala, amekaa? Hajui. Barua yangu alimwachia huyo mlinzi.

Nimeomba ruhusa tena. Nisipopata nitakuja bila ruhusa, lori lijalo.

Mtu yeyote anayesoma hii, hata kama si mwanangu, nijibu. Neno moja tu.

Mama yake


12 Mei

Mama, shikamoo. Shikamoo tena.

Ni mimi. Naandika nimelala, usishtuke na maandishi. Baba Bobini alitaka kukuandikia tangu mwanzo, akaandika mistari miwili, akaichana, akaandika, akaichana. Alisema hajui aanzie kwenye habari nzuri au mbaya. Mimi naanza na nzuri. Mtoto yupo. Ni msichana, ananyonya, analia kama king'ora.

Ilikuwa tarehe kumi na mbili Aprili, barua yako bado iko huko huko kwako. Asubuhi nilikaa, kiuno kikaanza. Si tumbo, Mama. Tumbo lilikuwa laini kabisa, nililishika mara nyingi. Ni kama ulivyoandika, goti. Goti la mtu mzito mgongoni, anakandamiza, anaondoka. Nikasema kiti. Nikaweka khanga chini nikalie. Lakini roho haikutulia, nikaanza kuhesabu. Kola ya kwanza nikaimaliza, bado. Ya pili, nikaimaliza. Nikashukuru. Goti linakuja, nauma mdomo, linaondoka, nashika kola mpya, naimaliza. Zikafika kumi na mbili na hakuna hata moja iliyokatishwa. Nikajiambia, hesabu ya Mama inasema bado.

Redio ndiye aliyeona. Akaacha vifungo vyake. "Wee, mbona unanyamaza kila baada ya muda, halafu unaendelea?"

"Kiuno tu, dada."

"Kiuno gani kinachokuja kwa ratiba? Simama."

Nikasimama. Chupa ikapasuka hapo hapo sakafuni, na baada yake hakukuwa na nafasi ya kola wala ya neno. Ulikuwa mfululizo, moja haijaisha nyingine imepanda. Kwa Bobini nilikuwa napumzika, naomba maji, natukana baba yake. Huu haukunipa hata nafasi ya kutukana.

Fundi mkuu alinibeba mwenyewe mpaka kwenye pikapu. Yule asiyecheka alikuwa analia wazi wazi. Redio alipanda nyuma na mimi, amenishika kichwa, na safari hii hakusema kitu chochote, na ndipo nikaogopa. Tukafika nusu ya njia. Mtoto alizaliwa juu ya vitambaa vya sare. Alilia. Nilimsikia, halafu nikasikia joto miguuni na nikajua ni damu, naijua ilivyo. Redio akampigia kelele dereva. Sikumbuki geti la hospitali.

Nilikaa wodini siku ishirini na mbili. Walinipa damu ya watu watano. Wakanifanyia upasuaji, Mama, na sitazaa tena. Hiyo ndiyo habari mbaya, nimeiandika, imekwisha. Usiku nalia, asubuhi mtoto anataka kunyonya, basi nanyamaza.

Barua zako mbili aliniletea Redio wodini siku moja, mlinzi alizikalia. Niliisoma ya kwanza mpaka kwenye "mashati sita" nikaigeuza chini. Sitakudanganya, nilikasirika. Nilisema moyoni, angeniambia kiuno, neno moja tu, kiuno. Siku mbili sikuigusa. Halafu nikafikiria ulivyokuwa umekaa pembeni yangu siku ya Bobini, unaniambia nishone, sauti yako imetulia, kumbe unayakumbuka hayo yote. Uliwezaje?

Siku wananiruhusu, alikuja yule muuguzi mwenye miwani na karatasi. Hakunitambua. Akauliza mama yangu amezaa mara ngapi na kama alipata shida. Nikasema mara mbili, hakuna shida. Mdomo umezoea. Akaandika, akageuka aende kitanda cha pili.

Nikamwita. Nikamwambia afute. Akasema, "Mama, nimeshaandika kwa peni." Nikamwambia, "Basi kata, uandike juu yake. Tatu. Wa pili uchungu ulimshika kiunoni, hakuujua, mtoto akafariki." Akanitazama, akavua miwani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaandika yote, polepole, akaniuliza na mwaka. Mwaka sikuujua.

Njoo na hilo lori, na ruhusa au bila ruhusa. Utaniambia mwaka.

Mwanao wa tatu