Nyumba ya Echati

Jumatatu, 7 Machi 1977. Moroni
Mama yangu mzee kaamka salama, yuko na tasbihi yake. Moina, binti yangu mdogo, kaenda kuteka maji. Baba yao yuko Itsandra kutafuta samaki. Dada yake, Echati, yuko chumba cha ndani, nimemfungia kwa nje. Miaka kumi na sita, mimba ya miezi sita. Majirani nimewaambia ana homa. Homa gani hiyo isiyokwisha?

Jumatano, 9 Machi
Sahani ya Echati imerudi kama ilivyokwenda. Hasemi. Maalim kaandika kombe, aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa. Kanywa, katapika. Vijana wa kamati ya mapinduzi wamepita uchochoroni wakisaka hirizi, yangu nimeifukia kwenye unga. Serikali imefuta harusi kubwa, ile ya fahari ya ukoo. Ndimi za mtaa wetu wa Badjanani haijazifuta.

Ijumaa, 11 Machi
Leo kasema. Nimefurahi kama mjinga.
"Mama, nyumba hii mpe Moina. Na dhahabu."
Nyumba ni yake. Yeye ndiye binti mkubwa, nilianza kuijenga angali ananyonya, maana kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Nikadhani ni toba. Nikajibu, vyema mwanangu. Nikarudi jikoni.
Mkate umeungua mbele ya macho yangu. Mtu hagawi nyumba yake kama ana nia ya kuishi ndani.
Nimekimbia, nimefungua. Nimemuuliza wazi kama anataka kufa. Kaitikia kwa kichwa.
 

Jumamosi, 12 Machi
Komeo nimeling'oa. Nalala naye mkeka mmoja. Baba yao anang'aka: aibu, aibu. Nimemwambia aibu haizikwi, mtoto huzikwa. Jumatatu kuna meli ya Mutsamudu, kisiwa jirani. Dada yangu Zaliha ni mkunga hospitali ya Hombo. Wasichana kama huyu hukaa nao na kuwasikiliza.

Jumanne, 15 Machi. Mutsamudu
Bahari ilichafuka. Sikumwachia mkono njia nzima. Zaliha hakumuuliza Echati mimba ya nani. Kamuuliza:
"Usiku unalala, mama?"
Echati kalia mpaka leso ikalowa. Mimi nje. Mlango umerudishwa tu, haukufungwa. Baadaye Zaliha kanigeukia mimi: ile homa yako ya uongo ndiyo iliyomfunga kuliko komeo. Kweli. Inaniuma.

Jumapili, 27 Machi
Mvua. Asubuhi Echati hukaa kwa Zaliha, pamoja na wasichana wenzake wawili. Siku nyingine hanyanyuki kabisa. Leo kala nusu sahani. Kisha kauliza kama dari la nyumba yake linavuja.
Nimempa baharia ujumbe. Moina apande akatazame dari la dada yake, atujibu upesi.