Maikro Haijaharibika

Butembo, Jumapili, tarehe 14 Machi 2021

Mudogo wangu Maliro,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mke wako Katungu na wote wa nyumba yenu ya Mavivi. Mguu unaendeleaje na mvua hizi? Wiki hii mlilala kwenu, au milio ya bunduki iliwakimbiza tena mpaka katikati ya mji wa Beni? Kila redio inapotaja Mavivi naizima, kisha naiwasha tena haraka.

Mimi nipo. Daktari amesema moyo wangu umevimba na umechoka kusukuma, ndiyo maana miguu imejaa maji. Nilimwomba anieleze kama mtu aliyesoma, bila kunibembeleza. Akajibu: wiki chache, Mwalimu, labda tutafika Pasaka. Tangu mke wangu Élise aondoke, nyumba hii imekuwa kubwa mno. Watoto wangu wako Goma na Kampala, na mjukuu wangu Sagesse anashinda shuleni. Mchana kutwa nasikiliza mabati yakilia kwa jua.

Sasa habari yenyewe, na usicheke. Mwaka jana, mwezi wa saba, Sagesse aliniambia kwamba wewe, seremala na shemasi wa miaka sitini na sita, unacheza kwenye simu ule mchezo wa masasi, wa kupigana risasi, ambamo watu mia wanashuka kwa parashuti kisiwani na kupigana mpaka kibaki kikundi kimoja. Akasema unajiita Randa, na kwamba vijana wa Beni wanagombania nafasi katika kikundi chako cha watu wanne. Nilimwomba aniwekee mchezo huo na asikuambie neno. Nikachukua jina la Chaki.

Ndiyo, Maliro, Chaki ni mimi. Yule petit, yule kijana mdogo wa Butembo aliyekuandikia kwamba maikro ya simu yake imeharibika, kwamba anasikia lakini hawezi kusema, ni mkubwa wako wa miaka sabini na nne.

Kwa miezi minane, kila siku saa kumi, sauti yako imekuwa sikioni mwangu. Siku nyingine sikusikia sauti ya mtu mwingine. Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Nilitembea katikati ya barabara kama mtu anayekwenda ibadani, na adui wa kwanza aliponitokea nilisimama nikitafuta kitufe cha kumsalimu. Wote mlicheka mpaka simu ikakoroma. Ukasema: "Chaki, weye! Hapa hapana kanisa, hapana kupana mukono!"

Kisha ukanifundisha, nami nilikuwa naandika katika daftari. Tafuta ukuta kwanza, bunduki baadaye. Usishuke pale ambapo wote wanashuka. Sanduku yenye inangaa uiache, iko na mutu anaichunga. Kabla ya kufungua mlango simama, sikiliza nyayo. Usimpige mtu wa mbali, maana mlio mmoja unawaambia wote mahali ulipo. Nikitoka mbio unaniuliza kama nimesikia harufu ya kisu, kama kuku wa kuchinjwa. Nimefundisha miaka arobaini, Maliro, na sijui kama nilipata kumvumilia mwanafunzi jinsi ulivyomvumilia Chaki.

Na ile sheria yako ya mwisho: "Mutu ya kikundi akianguka, tunaenda kumuinua. Hata masasi ikuwe namna gani." Katika mchezo huo anayeanguka hafi papo hapo. Anatambaa, akiita, na mwenzake anaweza kupiga magoti karibu naye sekunde kumi na kumsimamisha. Nilihesabu mara ulizoniinua, nikaacha nilipofika mia mbili. Siku moja walikuua ukiwa umenipigia magoti, nawe ulisema tu: "Haina neno, petit."

Jumanne iliyopita ulianguka wewe, kwenye majani mafupi, mahali pa wazi. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, hatua ishirini. Ukaita: "Chaki, kuja! Niko hapa, kuja!" Kidole changu kilikwenda upande wa pili. Niliingia katika nyumba, nikajificha chini ya ngazi mpaka mchezo ukaisha. Wenzako walitaka kunifukuza katika kikundi. Wewe ukanitetea kwamba mtandao ulikatika: "Ni réseau tu. Petit hakusikia."

Nilitoa simu sikioni, na tangu siku hiyo sijaingia tena. Kwa sababu hayo ndiyo maneno unayosema juu yangu mimi yaya wako, kaka yako mkubwa, kila mwaka mbele ya kanisa, siku ya shukrani: "Yaya hakusikia. Masasi ilikuwa mingi."

Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka 2001. Nilikuwa inspekta wa shule, nikipeleka mitihani ya darasa la sita Kasugho, na nilikuomba unisindikize kwa sababu niliogopa kupita msitu peke yangu. Haikuwa safari yako. Wenye bunduki walipotupiga risasi msituni wewe ulianguka, mimi nilikimbia na mfuko wangu mpaka nikafika kijijini, nikasema umekufa. Siku ya tatu wakulima wakakuleta kwenye machela, goti likiwa limeoza. Nililia kando ya kitanda chako nikasema sikusikia, nawe ukanishika mkono ukasema unajua. Kanisani walinipigia makofi kwa kuokoa mitihani.

Nilisikia, Maliro. Uliita mara tatu. Mara mbili uliita yaya. Mara ya tatu uliita Ananie, jina langu, ambalo tangu kuzaliwa hukuwa umepata kulitamka, kwa heshima ya mkubwa. Hapo niligeuka. Nilikuona umeinua mkono. Hapakuwa na mtu kati yetu, na umbali ulikuwa kama kutoka mlango wa kanisa letu mpaka mimbari. Nilikutazama, kisha nikakimbia.

Nilidhani miaka ishirini imenibadilisha. Jumanne ilinionyesha kwamba hata kufa kwa picha naogopa. Sikuombi udhuru. Udhuru umenipa mwenyewe muda wote huu, na sitaki kuzikwa nao.

Barua hii anaileta Mama Agar wa kanisani. Mungu akimfikisha salama kwa njia hiyo ya Beni, utaipata Jumatano. Alhamisi saa kumi nitakuwa ndani ya mchezo, mahali ambapo watu wanasubiri kuitwa katika vikundi, na sitaingia katika kikundi kingine. Usiponiita, utakuwa umetenda haki, nami sitakusumbua tena. Ukiniita, nitasema kwa mdomo. Maikro haijaharibika.

Msalimie Katungu, na majirani walionipa asali mara ya mwisho nilipofika kwenu. Milio ikikaribia msingoje, ingieni mjini mapema. Sagesse anawasalimu, ndiye atakayenishikia simu siku hiyo. Wasingya, asante, mudogo wangu, kwa kila mara uliyopiga magoti.

Na ukiniita Alhamisi, usiniite petit, wala yaya. Niite kama ulivyoniita mara ya tatu.

Ni mimi,
Ananie